Damas wa Itetemia na Mlima wa Chumbani

Sogeeni, enyi wana wa Unyanyembe, nanyi mlioshuka kwenye treni juzi msijifanye wageni. Mwenye kukohoa na akohoe sasa, maana nikianza sisimami. Nataka kuwapa habari za Damas mwana wa Yoramu, bwana wa madumu, mpasua vumbi la Itetemia, aliyeukwea mlima wa kutisha Jumamosi moja asubuhi, asitoke chumbani.

Kwanza jueni kilichomsukuma vitani. Miaka ishirini na minane Damas alibeba asali kwa baiskeli mpaka sokoni mjini, na kila palipoinuka alishuka akashika usukani, mkewe Tekla akasukuma kwa nyuma. Ndivyo asali inavyopanda kilima huku kwetu, na asiyejua hilo hajala asali. Basi mwezi wa tatu shujaa akatumbukia mtaroni, goti likavimba kama boga, na Tekla mwenye mabega ya heshima akatoa hukumu.

"Baba Levina, baiskeli inauzwa. Mnunuzi yuko Kaliua, anangoja neno langu tu. Sitaki kukuzika kwa ajili ya madumu."

Damas akajiuliza moyoni. Bila baiskeli ile, nani angemwita Damas wa Asali? Angekuwa mzee fulani mwenye goti. Akaomba rufaa moja tu, kwamba mtaalamu wa viungo aamue, na Tekla, kwa kuwa ni mtu wa haki, akakubali.

Mtaalamu huyo aliitwa Fikiri, Mzaramo wa Kisarawe, na mnajua wenyewe Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipoteremka pwani na pembe mabegani.

"Shikamoo, mpagazi wangu," akanena Fikiri mlangoni pa chumba chake cha mazoezi hospitalini.

"Marahaba, mjukuu wa wala nazi. Babu zako walikaa barazani wakituhesabu tukipita."

"Tulihesabu mpaka tukasinzia, maana hamfiki! Mnyamwezi kwa mzigo simkatalii. Kwa mwendo, mzee wangu, hata kobe anapiga honi apishwe."

Katikati ya chumba palisimama adui mwenyewe: baiskeli isiyo na gurudumu la nyuma, imefungwa kwenye chuma kizito, na chuma kimekazwa sakafuni kwa nati. Mbele yake palikuwa na skrini yenye barabara, na barabarani kijitu cha bluu. Ukikanyaga, kijitu kinakwenda. Mlima ukija, chuma kinakaza pedali. Fikiri akatangaza masharti kwa sauti ya mpiga mbiu: kilomita mbili za tambarare, kisha moja ya mlima, ndani ya dakika ishirini. Akifika, goti limepona na baiskeli inabaki. Asipofika, Kaliua wapigiwe simu.

Tekla akaketi kwenye benchi, simu mkononi.

Loo, tambarare ile! Damas alikanyaga, kijitu kikaruka, namba zikapanda mpaka kilomita ishirini na sita kwa saa, mwendo ambao hakuwahi kuuona tangu azaliwe. "Nani kobe?" akanguruma. "Tazama, Mzaramo! Nazi zako zinaanguka kwa upepo wangu!" Upepo haukuwapo. Hata pazia halikutikisika. Lakini shujaa anayeshinda haulizwi habari za mapazia.

Ndipo mlima ukaja. Pedali zikawa nzito, jasho likamwingia machoni, na hapo Damas akatenda alilolitenda kwenye kila mwinuko tangu ujanani: akashuka, akashika usukani, akaanza kukokota.

Akakokota kwelikweli! Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na chuma hakikusogea hata unyayo. Kwenye skrini kijitu kiliweka mguu chini kikasimama njiani, kimeduwaa.

"Mtani," akasema Fikiri, akijiuma midomo asicheke, "mlima wa humu haukokotwi. Dakika mbili zimekwenda."

Aibu ikamshika Damas, na zaidi ya aibu, hofu. Akamtazama Tekla. Akarudi juu ya tandiko, goti likalia, akakanyaga. Mlima ukazidi kusimama, namba zikaporomoka: saba, sita, tano. Ajabu ni kwamba pedali hazikuongezeka uzito. Miguu imekufa ganzi, akawaza, basi, nimekwisha. Zilibaki dakika tatu na mita mia mbili na zaidi.

Na hapo, enyi wasikilizaji, simu ikaanguka kwenye benchi. Tekla alikuwa ameinuka. Kwa mikono yake miwili akashika tandiko kwa nyuma, akainamisha kichwa, akasukuma.

"Mama! Unasukuma nini? Imekazwa sakafuni!" akamaka Fikiri.

"Namsukuma mume wangu. Wewe inakuhusu nini?"

Damas alipoisikia mikono ile nyuma yake, alikanyaga kama mtu anayeliona soko. Dakika ya kumi na tisa na sekunde arobaini, kijitu cha bluu kikafika kileleni, kikainua mikono.

Fikiri naye, kwa kuwa ni mkweli hata akiwa mtani, akakiri: chuma kile kina kikomo. Mlima ulikuwa wa asilimia kumi na mbili, lakini nguvu zake za kukaza zinaishia saba. Zaidi ya hapo kinapunguza tu mwendo wa kijitu, kwa hesabu.

Damas akatafakari, akihema. "Kwa hiyo mashine ndiyo iliyochoka kwanza."

"Unaweza kusema hivyo."

"Nasema hivyo. Iandike."

Fikiri akaiandika kwenye fomu ya hospitali, na chini yake, kwa amri ya Tekla, akaongeza jina la msukumaji.

Basi na ihifadhiwe na vizazi vya Tabora: siku hiyo mlima ulishindwa na mtu asiyehama alipokuwa, na Kaliua hawakupigiwa simu. Saa sita mchana Damas alirudi kwao juu ya baiskeli yake, Tekla akitembea kando. Kwenye kile kimwinuko cha kuingilia Itetemia, ambacho hata mbuzi hawakihesabu kuwa kilima, mshindi wa asilimia kumi na mbili akashuka bila kuambiwa. Tekla alikuwa ameshafika nyuma, mikono kwenye keria.