Jinsi Nilivyomfaulisha Bibi Bawaba

Jumatatu, 4 Agosti
Nimepata kazi! Bila mshahara, lakini kazi. Shangazi anaongoza utafiti wa kutafuta njia ya kuwatambua mapema watoto wenye usonji, nami likizo hii ni msaidizi wake. Ninapanga vidude vya kuchezea mkekani, kisha nakaa ukumbini na watoto wanaosubiri. Chumba cha vipimo kina kioo. Wanaokaa nyuma yake huona bila kuonekana. Nikaomba kukaa huko. Shangazi akasema ataamua Ijumaa. Msaidizi mkubwa, mwanafunzi wa chuo ninayemwita Miwani, akacheka: "Mdogo wangu, we panga midoli." Tutaona!

Jumanne, 5 Agosti
Nimechungulia. Kumbe ni mtihani! Daktari anamwita mtoto jina, anangoja ageuke. Anatabasamu, anangoja mtoto naye atabasamu. Wawili hawakugeuka kabisa. Nikamuuliza Miwani mbona hawafundishwi kwanza. Akanitazama kana kwamba nimeota mapembe. Sijui nimekosea wapi. Shuleni mwalimu wa darasa hunikabidhi wote wanaoshika mkia niwafundishe.
Nimepata mpango. Wakifaulu wote, Shangazi mwenyewe atanikalisha nyuma ya kioo.

Jumatano, 6 Agosti
Mwanafunzi wangu wa kwanza: binti wa miaka sita, atapimwa kesho. Leo mama yake alikuja kuhojiwa. Mtoto hakunijali. Alikuwa akifungua na kufunga kabati la ukumbini, akiangalia bawaba. Nimempa jina la Bibi Bawaba. Nikamfundisha: ukiitwa, geuka, mtazame daktari machoni, hesabu hadi tatu, tabasamu. Akipatia, tunafungua kabati. Alishika haraka kuliko mdogo wangu anavyoshika jedwali la kuzidisha!

Alhamisi, 7 Agosti
Nilitega sikio mlangoni. Akaitwa. Kisha sauti yake, kubwa: "Moja. Mbili. Tatu. Sasa natabasamu. Sasa fungua kabati."
Nikakimbia kwa mama yake: "Hongera mama, amefaulu!" Mama akakaa kitini taratibu. Akauliza, kwa hiyo ripoti ya usonji hatapewa? Shule imesema bila ripoti hakuna mwalimu wa kumsaidia, na bila huyo mwalimu haimpokei. Amezunguka na mtoto ofisi hadi ofisi. Akalia. Sielewi! Shule gani inamkataa mtoto aliyefaulu?
Shangazi akatoka. Hakuniita "mwanangu" kama kawaida.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimesemwa mpaka masikio yamepata moto. Shangazi anasema hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Wanataka kumwona mtoto alivyo, apate msaada unaomfaa; nikimfundisha, ninamficha. Nikaenda kumwomba mama yake msamaha. Akanishika bega: "Asante, mwanangu. Ila usinisaidie tena."
Shangazi aliacha chakula chake cha mchana, yeye na daktari wakampima upya kwa michezo mingine. Mimi nilitumwa kuosha vikombe, mbali. Ni usonji, na ripoti inaandikwa; shule itampokea. Mama alilia tena, safari hii akicheka. Nimechanganyikiwa zaidi.
Wakati wa kuondoka, Bibi Bawaba alinivuta mkono hadi kwenye kabati, akalifungua. Hakunitazama. Tukaangalia bawaba pamoja. Ni nzuri, kwa kweli. Sikuwahi kuigundua.
Kiti cha nyuma ya kioo kapewa Miwani.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimehamishiwa chumba cha kupima macho, ambako kila mtoto hupitia kwanza. Shangazi anasema huku siwezi kuharibu kitu. Nami somo limeniingia kabisa: kupima usonji si mtihani. Sitamfundisha tena mtoto yeyote kugeuka wala kutabasamu. Naahidi.
Ubao wa herufi ukutani nimeshaukariri, hata ule mstari wa chini wenye herufi kama sisimizi. Mtoto wa kwanza yuko ukumbini na mama yake, anakodoa macho, maskini. Tumeshakariri hadi mstari wa nne.