Umri Wangu kwa Hesabu ya Vifungo

Ndugu Mkuu wa Utumishi,

Barua yako inayosema nimetimiza miaka 60 na kwamba mwisho wangu kazini ni Ijumaa imenifikia. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, na mara zote mbili nikaikuta na makosa ya hesabu. Niruhusu niyaoneshe moja moja.

1. Hapa kiwandani vifungo vya mashati huhesabiwa kwa dazeni. Mimi hutumia kidole gumba, nikigusa pingili za vidole vinne vya mkono huohuo: tatu mara nne, kumi na mbili, na mkono wa pili unabaki huru kushika kikombe cha chai. Daftari la stoo lina safu mbili, ya dazeni na ya vilivyobaki. Vifungo sitini huandikwa 5, kisha 0. Umelitia sahihi daftari hilo miaka yote bila kulalamika. Kwa hiyo, kwa maandishi uliyoyaidhinisha mwenyewe, mimi nina 50.

2. Nafasi yangu inachukuliwa na kompyuta. Fundi aliyeileta ameniambia, tena bila aibu, kwamba ndani yake mna tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Nikamwomba aiulize umri wangu kwa hesabu yake yenyewe. Ikaandika 111100. Ndugu yangu, kama tarakimu ndizo za kuaminiwa kuliko mtu, ulipaswa kunizika, si kunistaafisha.

3. Dakika nazo zikifika sitini haziandikiwi barua. Saa huzirudisha sifuri, zikaanza upya. Naomba nami nitendewe hivyo: Jumatatu niripoti kama mwajiriwa mpya, nioneshwe choo kilipo, na Mama Mkasi, mkuu wa wakataji vitambaa, anikaripie kwa kuchelewa kama nilivyomkaripia yeye alipoanza.

4. Hili si la hesabu, ila nimelipatia namba ili lisipuuzwe. Mke wangu aliposoma barua yako aliniuliza, "Sasa utakuwa unahesabu nini?" Tangu siku hiyo kidole gumba kinatembea chenyewe juu ya pingili, mezani, hata kwenye foleni ya zahanati, na hakuna kifungo chochote. Naogopa, Ndugu. Nimeona nikwambie wazi.

5. Na kama ni lazima kanuni ifuatwe, ifuatwe kwa daftari letu. Humo, 60 ni dazeni sita kamili, yaani miaka sabini na miwili. Siku hiyo nitaondoka mwenyewe, wala hutapoteza karatasi.

Wasalimie wote hapo ofisini, mlinzi wa getini, na karani aliyeichapa ile barua. Najua alitumwa tu.

Wako kazini,
Mtunza stoo ya vifungo (bado)

Tanbihi: Nimepita ukumbini nikaona viti vya sherehe ya kuniaga Ijumaa ni 50. Mimi nimealika watu sitini. Hamsini ni hamsini na sitini ni sitini, hilo halina mjadala, na wageni wangu hawawezi kukalia tarakimu. Tafadhali ongeza viti kumi na kimoja. Hicho kimoja kiwekwe mbele, kando ya mke wangu. Nikishaagwa nitakaa hapo.