Neno Langu, Mapipa Yao

Jumatatu, 3 Machi

Msimamizi wa ghala anastaafu mwisho wa mwezi! Kiti chake kitakuwa wazi, na kiwanda kizima cha sabuni ya maji kinajua kinamngoja nani. Mimi. Miaka yote hii napanga mapipa uani, jua langu, mvua yangu. Kikwazo ni kimoja tu: Miwani, karani wa mauzo, mtu wa juzi juzi anayejipitishapitisha mlangoni kwa meneja kana kwamba kapoteza kitu humo.

Nimeamua kumzidi kwa elimu. Nimefungua kamusi nene ya Kiingereza niliyoazima kwa shemeji, nikakuta neno limejificha huko ndani: ullage. Maana yake ni nafasi tupu inayoachwa juu ya kimiminika ndani ya chombo. Ile hewa iliyo kati ya sabuni na kifuniko cha pipa, ndiyo hiyo! Huachwa kwa makusudi, kwa sababu kimiminika kikipata joto hutanuka. Wenye matangi ya meli hulitumia. Wenye mvinyo pia. Kuanzia kesho, na mimi.

Nimefanya mazoezi nyumbani. Nimemwambia mke wangu kikombe changu cha chai kina ullage kubwa mno. Amejibu kwamba hata mfuko wa suruali yangu unayo. Sijacheka.

Jumanne, 4 Machi

Ushindi! Meneja amepita uani akauliza mbona mapipa hayajajaa pomoni, wanunuzi wasije wakadhani wanapunjwa. Nikakohoa kidogo. Nikamwambia, hiyo, mkuu, ndiyo ullage. Akaniomba nirudie. Nikarudia, nikamweleza joto, kutanuka, meli, mvinyo, yote. Akasema hakujua kwamba uani kwake kuna mtaalamu. Mtaalamu! Dada wa mashine ya kujazia akadakia kwamba yeye hujaza hadi kwenye alama kila siku na hajawahi kuhitaji neno. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi

Wizi! Wizi mchana kweupe! Kikaoni Miwani kasimama, kafuta miwani yake taratibu, kashauri tuwe tunapima ullage ya kila pipa asubuhi kabla jua halijawa kali. Neno langu! Nililolichimbua kwa jasho langu! Meneja akampongeza. Nikanyoosha mkono nikasema neno hilo lina mwenyewe. Meneja akasema maneno ni ya wote. Nikauliza, kama ni hivyo, mbona mimi nikichukua kalamu ya ofisi naandikiwa onyo? Kikao kikafungwa.

Na bado! Miwani kakabidhiwa mapipa ya mnunuzi mkubwa anayekuja Ijumaa alasiri. Yakitoka salama, kasema meneja, kiti cha ghala ni chake. Nimerudi nyumbani nimevimba kwa hasira, chakula nimekisusa. Mke wangu kasema basi leo tumbo litalala na ullage. Hata yeye!

Alhamisi, 6 Machi

Dawa yake nimeipata. Miwani analijua neno, lakini hajawahi kuliona likikosekana. Kesho ataliona. Mapipa yake yamepangwa uani, upande unaopigwa na jua la mchana. Watu wakienda kula, nitayaongezea sabuni ya baridi kutoka tangi la ndani, kwa mpira, hadi yafike kwenye kifuniko. Nafasi tupu, hakuna! Jua litawaka, sabuni itatanuka, vifuniko vitaanza kuvuja. Hapo nitajitokeza na maelezo yangu, na meneja ataona nani ni nani. Hii si hujuma hata kidogo. Ni somo kwa vitendo.

Ijumaa, 7 Machi

Kila kitu kilikwenda nilivyopanga. Mnunuzi kaja na viatu vinavyong'aa. Pipa la kwanza likalia, la pili likafuata, povu likatambaa uani hadi kwenye soli zake. Miwani kabaki mdomo wazi. Nikakimbia kwenda kutoa hotuba yangu, nikateleza, nikafika mbele ya mnunuzi kwa makalio. Nikaianza hotuba papo hapo chini. Nikasema haya ndiyo matokeo ya kudharau ullage! Nikasema hivi ndivyo inavyokuwa pipa likiongezewa sabuni wakati wa chakula cha mchana!

Meneja akauliza nimejuaje kwamba ni wakati wa chakula cha mchana.

Dada wa mashine akauliza mbona shati langu linatoa povu.

Mtu unajitolea kuelimisha watu, wao wanakagua shati! Mnunuzi kaondoka bila pipa hata moja. Meneja kasema kiti cha ghala nikisahau. Tena kasema Jumatatu nisimame mbele ya wafanyakazi wote, nikiri kosa langu kwa maneno yanayoeleweka. Nisipofanya hivyo, kazi basi.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu ananisihi. Anasema, baba watoto, sema samahani tu, yaishe, kodi ya nyumba haisubiri. Samahani! Neno la kila mtu! Neno la mtu aliyekukanyaga mguu sokoni! Msomi mzima niwatupie hilo? Nimeirudia kamusi. Macho yameniuma, lakini nimelipata: resipiscence. Maana yake ni kutambua kosa lako na kurudi kwenye njia njema. Ndicho hasa wanachokitaka, na kwa heshima zake.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesimama mbele ya wote, nimevaa shati safi. Nikatangaza kwa sauti nzito kwamba nimeingiwa na resipiscence. Wakatazamana. Dada wa mashine akauliza kama inaambukiza. Meneja, kwa upole kabisa, lazima niseme ukweli, akaniambia nieleze tu maana ya neno hilo, kisha nirudi kwenye mapipa yangu na mambo yaishe.

Nikawatazama. Miwani kakaa mstari wa mbele, kalamu mkononi, tayari kuandika.

Thubutu! Mara ya mwisho nilipoeleza neno, nililizwa mchana kweupe. Nikafunga mdomo. Meneja akaniomba tena. Nikaufunga zaidi.

Kazi sina. Mke wangu hasemi nami. Lakini neno ninalo, na Miwani halipati ng'o!