Kuhusu Vijana Wawili Wanaonong'onezana Uwanjani Mbele za Watu Wazima

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Mashindano ya Tenisi ya Vijana,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu za kawaida, hatutagombania hilo. Mimi mzima, ila goti linaniuma kwa ajili ya ngazi za jukwaa lenu. Jina halina haja, hapo uwanjani wote wananijua: yule mama wa kilemba cha njano, msusi, shangazi yake Kijiti. Kijiti ndiye yule mwembamba anayecheza na Tofali kwenye mashindano ya wavulana wawili-wawili. Jana wameshinda nusu fainali na wewe mwenyewe umewapa mkono, nimesimuliwa. Nimesimuliwa, Mwenyekiti, maana mimi nilikuwa nje ya geti! Hilo nitalifikia.

Shule ilinishinda mapema, lakini kusuka na kusema najua, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Malalamiko yangu ni haya.

1. Vijana wananong'onezana. Kabla mpira haujaanzishwa, Kijiti na Tofali wanasogeleana, mmoja anaziba mdomo kwa mpira, mwenzake anaziba kwa raketi, wananong'ona, wanagonganisha ngumi, wanaachana. Kila mpira! Sisi tuliolelewa tukaleleka tuliambiwa kunong'ona mbele za watu ni utovu wa adabu, na hapo penu jukwaa zima limejaa. Huyu mtoto nimemlea mimi tangu baba yake, kaka yangu, aanze kuendesha malori ya mbali. Nimemfundisha kusalimia, kunawa, na kutonijibu. Kunong'ona kajifunzia kwenu.

2. Mwamuzi hashughuliki. Mmempandisha kwenye kile kiti cha ngazi kama fundi anayepaka rangi dari, mpira ukivuka mstari kwa upana wa ukucha anaona, lakini minong'ono inampita. Nikamuuliza kwa heshima, kutoka nilipokaa, "Baba, wamesema nini hao?" Akaninyooshea kiganja: "Mama, kimya tafadhali." Mimi! Wanaosema wao, ninayenyamazishwa mimi. Kuku wale mtama, apigwe bata.

3. Mnawanyima watu habari. Kwangu saluni hakuna siri. Mteja akishaingiza kichwa kwenye draya hasikii kitu, kwa hiyo anaongea kwa kupiga kelele, na ya nyumbani kwake yanafika mpaka kwa fundi viatu ng'ambo ya barabara. Hajafa mtu. Ndoa moja ilipona kwa njia hiyo. Nyingine ilikufa, lakini ile ilikuwa inaumwa siku nyingi.

4. Sasa la geti. Robo fainali nilikuwa nazungumza na jirani yangu wa kiti, mama mpole sana, hajibu kitu. Namweleza mambo ya kawaida. Kwamba yule mrefu wa upande wa pili viatu vyake vipya vinamchubua kisigino cha kushoto, mama yake kaniambia tukiwa foleni ya choo. Kwamba mwenzake ana hasira za karibu, akikosea mara mbili anagombana na raketi kama vile raketi ndiyo iliyomkosesha kula. Mazungumzo ya kujenga urafiki tu. Ni kweli sauti yangu inafika, nimezoea kushindana na draya. Mwamuzi akasimamisha mchezo, na yule kijana wenu wa koti la machungwa akanishika kiwiko kama bibi harusi, akanitoa. "Usirudi mpaka kamati iseme." Watoto wangu wakashinda vizuri, lakini mimi nikashangilia na mlinzi.

Na nusu fainali, kwa kuwa sikuwepo, seti ya kwanza walipigwa kama nguo za dobi. Mlinzi ananionyesha matokeo kwa vidole, mimi nimebana sikio kwenye uzio. Wameponea tundu la sindano. Mtoto akikosa sauti ya shangazi yake nguvu zinakwisha, hili hata daktari atakwambia.

5. Kwa hiyo naomba kila kijana avalishwe kipaza sauti shingoni. Kama vifaa hamna, awekwe mtu mzima pale kwenye wavu, asikilize wanachonong'ona, atutangazie. Najitolea mimi. Sifa ninayo: hakuna neno lililowahi kuingia sikioni kwangu likalala humo.

6. Na wakikataa, fainali isianze. Kwanza wasimame katikati ya uwanja warudie minong'ono yote tangu mechi ya kwanza, kwa sauti, wakitazama watu. Kisha kikombe wapewe wanaosikika mpaka kiti cha nyuma. Mpira kila mtu anaweza kuupiga, Mwenyekiti. Uwazi ndio haba.

Mwisho kabisa, na hapa sitanii. Kijiti kabla hajaanzisha mpira huinua macho mstari wa tatu, anatafuta kilemba. Kaka yangu Jumamosi ya fainali yuko njiani na mzigo, hatafika. Wa nyumbani ni mimi peke yangu. Nifungulie geti, baba.

Nisalimie wajumbe wote, na mwamuzi, sina kinyongo naye. Nisalimie kijana wa koti la machungwa, apite saluni, kinyozi wake amemwonea. Mama wa yule mrefu mpe pole ya kisigino.

Ni mimi mwenye masikio yaliyonyimwa haki,
Shangazi wa Kijiti, msusi.

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha, Kijiti akaingia kutoka mazoezini, akasoma barua, akakaa sakafuni kwa kucheka. Nikamwambia cheka, lakini leo utaniambia mnanong'ona nini. Akasema, "Shangazi, tunaulizana tu, umemsikia shangazi? Kisigino cha kushoto. Basi tupige kushoto." Kumbe wakiziba mdomo walikuwa wananisitiri mimi! Kasema sheria hairuhusu mchezaji kusaidiwa kutoka jukwaani, nisimwambie mtu, ndiyo maana nakwambia wewe tu. Halafu akaacha kucheka. "Fainali uje, shangazi, ila usiseme kitu. Ukae tu nikuone. Tunataka tushinde wenyewe."

Basi, Mwenyekiti, malalamiko yote futa, kuanzia la kwanza. Ningeandika barua nyingine lakini karatasi imekwisha. Vipaza sauti weka kabatini. Minong'ono ni siri ya watoto, iheshimiwe, na yule mwamuzi muongezee cheo. Mimi ukinifungulia geti nitakaa kama picha ukutani. Hata jirani wa kiti simtaki, nitakaa na mkoba wangu.

Ila dada yake yule mpinzani wetu wa fainali anayepiga kwa mkono wa kushoto kaja kusukwa leo asubuhi, na kichwa chake kilikuwa cha kazi ndefu, kaongea mpaka mwisho. Weee! Nimemeza, sisemi. Wewe Jumamosi wahi tu, nitakuwekea kiti pembeni yangu.