Kifua cha Fundi Kimebana

Jumatatu, 3 Machi
Siku njema! Alhamisi meneja wa hoteli anakuja kuchagua fundi wa sare za wahudumu wake. Tajiri wetu kasema kila fundi ashone suti aivae mwenyewe. Atakayependeza ndiye atakayesimamia kazi yote. Tuko wawili tu: mimi na Sindano, ambaye upepo ukivuma hushika meza. Eti anipime kifua. Thubutu! Vipimo vyangu ninavyo, nilijipima mwaka nilipooa. Nimekata kwa hivyo hivyo.

Jumanne, 4 Machi
Suti tayari. Kizibao kinakataa kufunga. Kitambaa kipya hicho, lazima kizoee mwili. Kesho nitakifunga kwa nguvu, nishinde nacho ndani ya shati, Sindano asikione.

Jumatano, 5 Machi
Mungu wangu! Saa nne asubuhi kifua kimebana, jasho chapachapa, pumzi haishuki, mwili wote ovyo. Sindano kasema labda gesi. Mama watoto, nilipompigia, kasema kifua si cha kufanyia mzaha, niende zahanati sasa hivi. Mimi nilishuku kijicho cha Sindano. Nikamsamehe hata hivyo, nikamwachia mkasi wangu mkubwa. Niliogopa kweli. Kufa kabla ya Alhamisi!

Daktari kasema huenda ni moyo, mapafu, kiungulia au hata wasiwasi tu, na nimefanya vyema kuwahi. Akaniambia nivue shati. Akamwita nesi aje akione kizibao. Kifungo cha tatu kilipofunguliwa kiliruka hadi kwenye beseni, nami nikapona papo hapo. Walipima moyo vilevile. Mzima! Nimerudi kuchukua mkasi wangu.

Alhamisi, 6 Machi
Kizibao nimekiacha nyumbani. Koti nalo halikufunga, nikaliacha wazi. Meneja kafurahi, kasema hivyo ndivyo anavyotaka, wahudumu wapate hewa. Kazi ni yangu! Sindano mdomo wazi. Mama watoto kacheka mpaka machozi, kanipakulia mara mbili. Raha iliyoje!

Ijumaa, 7 Machi
Wahudumu ishirini. Sindano, ambaye sasa yuko chini yangu, anataka tuwapime mmoja mmoja. Wivu huo! Nimewaambia kila mtu aandike vipimo vyake kwa kumbukumbu, tusipoteze muda. Mzee wa mapokezi, anayepita mlangoni kwa ubavu, kaandika kiuno chembamba kuliko cha Sindano. Sikubisha. Mtu mzima anaujua mwili wake. Nimeshakata sare zote ishirini.