Habari Waliyopewa Nyuki

Jumatatu, 3 Septemba 1866

Bi Keziah Larcombe yu mahututi. Kifua. Nimekwenda kumjulia hali na kikapu cha mayai, na nikiwa pale nikampima kwa macho, maana seremala wa majeneza kijijini ni mimi peke yangu na mtu hujitayarisha. Mwanamke mfupi. Mbao nilizo nazo zinatosha.

Lakini jeneza silo lililonikosesha usingizi. Ni nyuki. Asali ya Bi Keziah ndiyo huwekwa mezani mwa Bwana kwenye Shukrani ya Mavuno kila mwaka, na mwenye asali hukaa benchi la mbele, ubavuni mwa mke wa kasisi, kijiji kizima kikimtazama kisogo. Akifa, mrithi ni Silas Hobday, mpwa wake. Silas! Mhunzi, tena karani wa kanisa, anayeitikia Amina kana kwamba anaita ng'ombe. Sasa apewe na benchi la mbele?

Ng'o.

Nimewaza hivi. Mwenye nyuki akifa, lazima mtu achukue ufunguo wa nyumba yake, agonge nao kila mzinga, awaambie nyuki kuwa bibi yao hayupo na bwana wao mpya ni fulani. Wasipoambiwa, wanahama au wanakufa. Wakishaambiwa, wamekwisha ambiwa. Hakuna hakimu atakayewarudisha. Sheria haisemi lazima aliyewaambia awe mpwa. Silas ni mzito wa miguu. Nitamtangulia. Nimemweleza mke wangu Hester. Amesema nile uji wangu.

Jumatano, 5 Septemba

Kengele ya msiba asubuhi, ukungu umetanda hata uzio hauonekani. Niliacha randa juu ya ubao nikatoka mbio. Ukitulia ukasikiliza, kengele yenyewe hukuambia aliyekufa ni mwanamume au mwanamke. Sikutulia. Nani mwingine angekuwa?

Ufunguo ulikuwa mlangoni mwa Bi Keziah, kwa nje. Niliuchomoa polepole. Ndani kimya. Mizinga yake iko nyuma, chini ya ukuta, imesukwa kwa majani ya ngano, imevaa vikofia vyake. Niligonga wa kwanza nikasema kwa sauti ya chini kwamba Keziah Larcombe amefariki na kuanzia leo bwana wao ni Enoch Pardew.

Wakanyamaza.

Si mzinga ule tu. Yote, hata ile ambayo sijaifikia. Nimezoea kusikia nyuki wakivuma tangu utotoni, sikujua kuwa bustani inaweza kuwa kimya namna ile. Nikamaliza safu yote. Kisha wakavuma mara moja, kwa pamoja, sauti nzito, kama watu kanisani wanavyomwitikia kasisi. Nywele zilinisimama. Nilirudisha ufunguo nikaondoka bila kukimbia, au tuseme bila kukimbia sana.

Nyumbani Hester akaniambia maskini mzee Gudge wa kinu amefariki. Nikauliza, si Bi Keziah? Akasema Bi Keziah ameamka ameomba mchuzi. Akanitazama. Akaniuliza mbona nimepauka hivyo na nilikuwa wapi. Nikasema nilikwenda kutazama hali ya hewa.

Alhamisi, 6 Septemba

Bi Keziah amepona kabisa. Watu wengine hawana adabu.

Nilipita kwake nikajifanya natazama lango lake kama limeoza. Alikuwa ameketi bustanini, shali mabegani, ameinua mikono jinsi anavyofanya siku zote. Nyuki wake humtua mikononi, kila mtu amewahi kuona. Leo walimpita kama wanavyopita nguzo. Aliwaita. Aliwaita tena, kwa majina ya kubembeleza, majina ambayo mtu humwita mtoto. Hakuna hata mmoja aliyegeuka. Paka wake naye alipita mbele ya miguu yake bila kumtazama, akaenda zake.

Bi Keziah akalia. Yule mama aliyezika mume na wanawe bila kutoa chozi mbele ya watu, alilia kwa kwikwi. Naona haya kuandika, lakini roho iliniuma.

Kidogo.

Ijumaa, 7 Septemba

Nyuki wako karakanani kwangu! Wamejaa ukutani kuanzia dirishani hadi darini. Hawaumi. Nikiongea wananyamaza. Nikitaja jina langu wanavuma. Nimelitaja mara nyingi, nakiri.

Hester amekataa kuniletea chakula humo, ameacha mkate na jibini nje kwenye kisiki. Ameniuliza kupitia tundu la mlango nimefanya nini. Nimemwambia nimebarikiwa.

Silas amekuja na aproni yake ya ngozi, akasimama mlangoni akikuna kidevu. Akasema nyuki hawahami Septemba. Nikasema hawa ni wa kisasa. Akasema shangazi yake hali chakula, ameshika ukuta tu, na mishumaa haikubali kuwaka mkononi mwake. Akaniomba, kwa unyenyekevu kabisa, kama najua lolote nimwambie. Ningemwambia, lakini alikuwa akiegemea mbao zangu bila ruhusa.

Jumapili, 9 Septemba

Wamenifuata kanisani. Waliingia kwa dirisha, wakatua mgongoni mwa benchi langu, safu moja, wametulia kama wanakwaya. Silas alipoitikia Amina, kimya. Nilipoitikia mimi, wakavuma nami hadi vioo vikatikisika. Kasisi akapoteza mstari. Watoto wakaanza kulia. Ilikuwa fahari, na wakati huohuo jasho baridi lilinitiririka mgongoni, maana sikuwa nimewaita.

Bi Keziah aligeuka kwenye benchi lake la mbele akanitazama. Hakukunja uso. Aliitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyepata sindano iliyompotea.

Jumatatu, 10 Septemba

Amekuja mwenyewe, na ufunguo wake kiunoni. Alitoka kwake hadi karakanani, na mbwa wangu hakubweka. Nyuki waliokuwa ukutani hawakumjua. Aliketi kwenye kigoda changu bila kukaribishwa. Nikamtolea bia ya tufaha, akakataa.

"Uliwaambia nimekufa, Enoch."

Nikasema kengele ilikuwa imelia, na mtu yeyote angeweza kukosea. Akasema anajua, na kwa kosa hana neno nami. Lakini nyuki wakishapewa habari ya kifo huishika, hawaiachi hivihivi. Wanataka maiti wao. Tangu Jumatano anajisikia akifutika.

"Kwanza ni nyuki, baba. Halafu wanyama. Mwisho watu. Jana mke wa kasisi alikalia shali langu, nimo ndani yake."

Nikauliza sasa afanyeje. Akasema ameshafanya. Alfajiri ameigonga mizinga, ameiambia kwamba Keziah yu hai na aliyekufa ni Enoch Pardew. Sasa zamu ya kufutika ni yangu.

"Dawa ipo, na ni nyepesi. Njoo na Silas awe shahidi, gonga mzinga, sema ulidanganya. Basi. Mimi sikutakii mabaya, mwanangu. Ila usivuke Mavuno ya Jumapili hii."

Nilicheka. Nilicheka hadi alipofika njiani. Kisha nikageuka, ukuta ulikuwa mtupu. Hakuna hata nyuki mmoja.

Jumatano, 12 Septemba

Bi Keziah ameifunga mizinga yake vitambaa vyeusi, na watu wanauliza nani amekufa. Nyuki wamerudi kumtua mikononi. Amenenepa ghafla.

Mimi je? Mbwa wangu Turk hainui kichwa. Kuku ametaga ndani ya kofia yangu, nami nimeivaa. Farasi wa gari la unga alinijia moja kwa moja kama njia ni tupu, nikajitupa kwenye upupu. Mwenye gari alinitukana, kwa hiyo angalau yeye aliniona. Alinitukana kwa kuchelewa, lakini.

Hester amelia usiku kucha. Asubuhi ameniambia amemwaga uji wangu kwa sababu alisahau kuwa nipo.

"Nenda kwa yule mama, Enoch. Nakusihi. Maneno mawili tu, kuna nini hapo?"

Nikamwambia kuna Silas hapo. Nisimame mbele ya Silas Hobday, niseme nilidanganya wadudu? Azungumze hayo kwenye baa mpaka Krismasi?

Akasema, "Bora nicheke na mume mjinga kuliko nimlilie mume mwerevu." Nikajibu mimi si wa kuchekwa. Alikuwa anatazama mahali nilipo kama mtu anayejaribu kusoma maandishi gizani.

Ijumaa, 14 Septemba

Nimekuwa mjinga kweli! Nimeishi siku nne na hofu, kumbe nimekalia hazina.

Leo nilipita mbele ya karakana ya Silas. Mbwa wake ni mbaya kuliko wote wa parokia, amekula suruali za matarishi wawili. Hakubweka. Nikapita tena. Nikamkanyaga mkia. Akaangalia juu, akaangalia chini, akalala. Bata bukini wake nao vilevile.

Sasa, Silas ana mti wa pea ukutani mwa bustani, matunda makubwa kama ngumi ya mhunzi, ameyatunza kwa ajili ya Mavuno tangu majira ya kuchipua. Kila tunda amelivalisha mfuko wa kitambaa. Asali imenishinda, sawa. Lakini nani kasema benchi la mbele ni la asali tu?

Bi Keziah alipita njiani jioni. Alinitafuta kwa macho, akasema polepole kuelekea kwenye uzio kwamba kesho bado kuna nafasi, ataniachia lango wazi. Uzio! Nilikuwa nimesimama kando kabisa.

Jumamosi, 15 Septemba

Ushindi!

Niliingia mchana kweupe, kikapu mkononi. Mbwa, hana habari. Bata, hawana habari. Nikachuma zote, nikaacha mifuko ikining'inia. Nikiwa natoka nikakutana uso kwa uso na Silas langoni. Roho ikaniruka. Nikamwamkia kwa mazoea. Akanipita. Alisimama chini ya mti, akatazama mifuko mitupu, akanong'ona, "Nani?" Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kumhesabia ndevu. Kiburi gani kile, mtu hata salamu haitikii!

Lango la Bi Keziah lilikuwa wazi kweli. Alikuwa ameketi kando ya mizinga, ufunguo mapajani, akitazama njia. Nikalipita nikipiga mluzi. Hakugeuka.

Nyumbani nikagonga. Hester akafungua, akatazama kulia, akatazama kushoto. Macho yake mekundu. Nikamwonyesha kikapu.

"Upepo tu," akasema kwa mtu aliyekuwa ndani, akafunga.

Bado amenuna. Nimepenya kwa dirisha la nyuma. Wanawake wa jirani wamejaa jikoni, wamevaa nyeusi, wamegeuza kioo ukutani, na hakuna hata mmoja aliyeniamkia, ingawa nimezunguka meza yote nikiwatajia majina. Sahani iliyoandaliwa ni moja. Nimekula mkate wa Hester mbele yake, hakusema neno. Nimembusu kichwani, akajikunyata akavuta shali. Akishaona pea mezani mwa Bwana atalainika, namjua.

Nimezing'arisha moja moja, na kadi nimeandika kwa herufi kubwa: ENOCH PARDEW. Kesho nitakaa benchi la mbele kabisa, na sioni nani atakayenizuia.