Marehemu wa Shati la Manjano Hana Ndugu

Galbet, Garissa
Februari 1999

Kwa Waheshimiwa Mliojenga Mji wa Ndani ya Mchezo wa Televisheni,

Assalamu aleikum. Mimi ni Bilan, mkaazi wa Galbet, na harusi yangu imekwama kwa sababu yenu.

Mchumba wangu Mustaf ana mchezo wenu, ule wa kuendesha gari mjini. Mwezi uliopita alimkaribisha ami yangu, Adeer Ogle, ajaribu. Baba yangu alishafariki, kwa hivyo Adeer ndiye walii wangu, na bila yeye hakuna nikaha. Basi hata kona ya kwanza hakufika, akamgonga mtu mwenye shati la manjano. Kwa kuwa ni muungwana, alisimamisha gari pale pale awangoje ndugu wa marehemu, awaombe radhi. Alingoja mpaka adhuhuri. Hakutokea mtu! Sasa ameapa hamwozeshi yeyote kabla hajawapa pole wafiwa.

Ikabidi niukague mji wenu mwenyewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hakuna anayesalimia. Watu wanapishana kimya kama waliogombana. Mimi nikienda sokoni, pua na mdomo tu, nafika jua limeshapanda, maana kila mtu anataka habari ya mama, ya ngamia na ya mvua.

2. Dereva haulizwi ni mtoto wa nani. Mtu mzima anazunguka na gari la wizi, na hakuna hata mama mmoja wa kumtisha kwamba atamsemea kwao. Jamani, polisi wote wale ni wa nini? Muuza maziwa mmoja wa hapa kwetu angetosha.

3. Hakuna mbuzi barabarani. Adeer amezoea kupunguza mwendo akiona mbuzi. Hakuwaona, hakupunguza. Kwa hivyo aliyemuua yule mtu ni nyinyi.

4. Hakuna adhana, hakuna chai, hakuna wanaume waliokaa kivulini wakibishana. Mji ambao kila mtu ana haraka, habari ya kifo itafikaje nyumbani?

5. Hili ndilo linaloniuma. Wallahi nililia. Shati zuri vile lina mtu aliyelifua, halafu mwenyewe anakufa na hakuna wa kumuulizia? Mpeni mama. Mpeni wajomba, na ukoo mkubwa wenye wazee wakali, waje Galbet wote. Tutawachinjia, wataturushia maneno, tutaombana radhi, nami nitaolewa.

Nangoja jibu pamoja na nguo zangu za harusi, ambazo binamu yangu Kinsi ameshaanza kuziulizia. Wasalimieni wazazi wenu, watoto, na yule fundi aliyechora barabara, zimenyooka kuliko zetu.

Wenu ambaye subira inamwishia,
Bilan Yarrow

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Mustaf amewasha mchezo tena, na yule mtu wa shati la manjano anatembea, mzima wa afya! Adeer amelia kwa furaha na kutangaza nikaha ni Ijumaa hii. Kisha akaenda mbio kumkumbatia, akasahau kwamba yumo ndani ya gari. Mustaf amezima televisheni haraka na kumwambia stima imepotea. Namba tano naifuta. Tafadhali sana, msimpe ndugu hata mmoja.